Bakuli la Nyumba ya Yohana

Siku tuliyomzika mdogo wangu Otmari, hakuna aliyelalamikia chakula. Wali ulikuwa na mawe, moja nililitafuna mwenyewe, na maharage ya sufuria ya pili yaliungua chini kwa sababu vijana waliopewa kazi ya kuchochea moto walikwenda kukaa kwenye gari la mtu kusikiliza mpira redioni. Lakini watu walikula, wakanawa, wakasema, "Tumeshiba, Bibi, Mungu awabariki," kisha wakashika njia. Ndivyo ilivyo desturi yetu. Chakula cha wafiwa mtu hakitii kasoro. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na akina mama, miguu nimeinyoosha kwa sababu magoti yangu hayakunjiki tena vizuri, nikasikiliza chakula kibovu kikisifiwa, na nikawaza kwamba Otmari angekuwapo angenitazama kwa pembeni na kuzuia kicheko. Watu waliojua kwa nini sifa za namna ile hazinipi raha ni watatu tu: mimi, yeye, na mdogo wetu wa mwisho Gauda, ambaye yuko kule ziwani na hawezi tena kusafiri.

Baada ya matanga, mjukuu wa Otmari aitwaye Neema, anayesomea ualimu, alibaki nami siku chache kunisaidia kuosha vyombo vya watu na kuvirudisha. Tulikuwa jikoni, yeye anasugua masufuria kwa majivu, akaniambia kwamba chuoni wamefundishwa kila mtu awe na lengo moja kubwa la maisha, na mwalimu amewataka walitaje mbele ya wenzao. Yeye bado hajalipata la kwake na jambo hilo linamsumbua. "Na wewe, Bibi, lengo lako lilikuwa nini?" Nikamwambia nilitaka maharage yaive kabla giza halijaingia. Alicheka akidhani namtania. Sikuwa namtania, ila sikuwa na nguvu ya kueleza siku ile, na sasa nimepata nafasi, naeleza. Habari za ukoo nitaziruka. Baba yetu Yohana alitangulia, mama akamfuata mwaka wa pili mvua zilipokuwa zinaanza, na hayo yanatosha. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule ulioanza na kifo cha mama. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, lakini nguo na chumvi bado vilikuwa vya shida katika maduka ya Mbinga. Mimi nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na sita, niliyekuwa nimetolewa shule ya bweni ya misheni ili nimuuguze mama. Otmari alikuwa amebakiza kidogo kufika mabega yangu, na Gauda ndiyo kwanza meno ya mbele yalikuwa yanaota upya.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mgongo wa mlima, upande wa kijiji cha Ruanda, hukohuko Mbinga, mlima ambao wote ulikuwa wa Babu na watoto wake. Chumba kimoja cha kulala, ghala la mahindi juu ya dari, na jiko la pembeni lenye mafiga matatu yaliyokuwa meusi kiasi kwamba mtu akiyagusa mchana anayabeba mkononi hadi jioni. Vyungu vya mama vilikaa ukutani kwa ukubwa wao, na mbele ya vyote lilikaa bakuli la mti, pana, lenye ufa mmoja ulioshonwa kwa waya. Hilo lilikuwa bakuli la sengu. Nieleze kidogo, maana vijana hawaijui tena. Kwetu Umatengo wakati ule wanaume wa mlima mmoja hawakula kila mtu kwake. Jioni walikusanyika kwa Babu, kwenye kibanda kilichokuwa wazi mbele ya nyumba yake, na kila nyumba ikaleta chakula. Huko ndiko tulikokuita sengu. Mtoto aliyetumwa alifika na bakuli kichwani, akapiga magoti, na mkubwa mmoja akamwuliza, "Cha nyumba gani?" hata kama yeye ndiye baba wa mtoto yule. Mtoto akataja nyumba, bakuli likawekwa katikati, wote wakala kutoka mabakuli yote. Palepale yakazungumzwa mambo ya ukoo: mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula miche ya kahawa, mtoto wa kupelekwa shule. Na palepale mapishi ya wake zao yakashambuliwa. "Ugali huu umepikwa au umeanikwa?" "Nyumba ya Kosmas leo wametuletea maji yaliyopita karibu na maharage." Sisi wanawake tulikula katika jiko la Babu, nyuma ya ukuta wa mianzi, tukasikia kila neno. Mwanamke aliyetajwa alifyonza meno, akaapa kwa sauti kwamba kesho hapiki, na kesho yake akapika. Enzi za mama, aliyepeleka bakuli letu alikuwa Gauda. Alianza kulibeba mapema kuliko watoto wengine na hakukubali mtu amguse njiani, hata kumshika kiwiko kwenye utelezi.

Basi baada ya kumaliza kuomboleza nilikuwa nyuma ya ukuta ule wa mianzi, pamoja na Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa Kosmas, na shangazi yetu Ostina aliyekuwa amepanda kutoka Lundo, kule ziwani, kuja msibani, niliposikia tukigawanywa. "Otmari atakaa kwangu," Baba Mkubwa alisema. "Gauda ataondoka na shangazi yake, kule kuna samaki, atanenepa. Melania atarudi misheni. Sista wa shuleni amesema nafasi yake ipo, anaweza kusomea ualimu, na Mungu akipenda atavaa shela ya usista." Babu akauliza, "Na nyumba?" Babu alikuwa kiziwi wa sikio moja na alisikia alichotaka. Baba Mkubwa akamjibu kwamba nyumba itaanguka yenyewe, nyasi za paa hazina mtu wa kuzibadilisha. "Haya," Babu akasema. "Na hii mboga ya maboga nani kaleta? Ina nyuzi kama kamba ya mbuzi." Nyuma ya ukuta Mama Mkubwa akafyonza meno. Mambo yetu yalikuwa yamekwisha kwa maneno hayo machache.

Ningependa ieleweke kwamba hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya. Nimewahi kusikia watu wakisimulia ujane au uyatima wao kana kwamba ndugu wote walikuwa fisi. Kwetu haikuwa hivyo. Mpango ule ulikuwa wa busara, na mimi ndiye niliyepewa fungu bora kuliko wote. Nilipenda shule. Nilipenda harufu ya chaki na kitanda chenye shuka. Asubuhi Shangazi alipomfunga Gauda kitambaa kichwani wakaanza kuteremka, nilikuwa nimekwisha kukunja nguo zangu. Gauda hakulia. Aligeuka mara moja pale kwenye mgomba wa mwisho akauliza, "Sasa bakuli atapeleka nani?" Shangazi akamwambia atazame chini, njia ina mawe.

Jioni yake nilipika. Sikuwa na mpango wowote, na Neema akisoma hapa asidhani nilikuwa na mpango. Nilipika kwa sababu ilikuwa jioni na Otmari alikuwa amekaa kizingitini akiwa na njaa. Nikakuta nimepika kwa kipimo cha mama, kikazidi, nikapakua kilichozidi kwenye bakuli la mti, nikalitazama, na nikalibeba. Msichana mzima na bakuli kichwani kama mtoto. Nikapiga magoti mbele ya wanaume. Babu ndiye aliyeuliza, "Cha nyumba gani?"

"Cha nyumba ya Yohana."

"Mwanangu," Baba Mkubwa akasema taratibu, "nyumba ya Yohana tumeshaifunga."

"Moto unawaka, Baba Mkubwa."

Babu alinyoosha mkono akamega. Akishamega Babu, wengine hawana la kusema, wakamega. Nilikwenda nyuma ya ukuta, nikakaa karibu na Mama Mkubwa, nikasubiri. Maharage yangu hayakuwa na chumvi hata punje, na ugali ulikuwa na mabonge kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kula ugali wa bweni, si kuusonga. Walikula hadi wakamaliza, wakaramba na bakuli, na hakuna aliyesema neno. Nyumba nyingine zilitajwa, zikachekwa. Yetu haikutajwa. Mama Mkubwa akanikodolea macho, akaangalia pembeni. Nilielewa maana ya kimya kile. Walikuwa wanakula chakula cha wafiwa.

Siku ya pili Baba Mkubwa alikuja hadi mlangoni pa jiko, akasimama nje kama wanaume wa kwetu walivyofanya. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba Mkubwa." Akaitikia marahaba, akasafisha koo. "Chakula tutakula, Melania. Lakini chakula si nyumba. Nyumba ni ngolo. Kama kuna ngolo zenu wenyewe, na zikatoa maharage yenu wenyewe, hapo nitasema Yohana ana nyumba. La sivyo mavuno yakifika, Otmari anahamia kwangu na wewe unakwenda misheni. Nikikuacha hapa bila shamba watu watasema nimewatupa watoto wa ndugu yangu, na watasema kweli." Nikamwuliza kama vijana wake wangeweza kutusaidia kutandaza nyasi. Alifikiri kwa uaminifu. "Wakitandaza wao, zitakuwa ngolo zangu," akasema.

Ngolo ni mashimo ya mraba yanayofunika mlima mzima kama wavu uliotandikwa. Mvua inatua ndani yake badala ya kuukokota udongo hadi bondeni. Mwanamume anafyeka majani marefu, anayapanga yawe mistari inayokatana, na kila mraba mwanamke anauchimba katikati na kufunika mistari kwa udongo, kisha anapanda maharage juu ya matuta. Kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke hazichanganywi. Nyumba isiyo na wote wawili haina ngolo, na hicho ndicho alichokuwa anamaanisha Baba Mkubwa. Sisi tulikuwa na mimi, na tulikuwa na Otmari na nyengo ya baba, panga lile lililopinda mdomo, ambalo alilibeba begani hata alipokwenda kujisaidia.

Sista alikuja kabla ya Krismasi. Alikaa kwenye kigoda cha mama, akainua sketi yake isiguse majivu, akala kiazi nilichomchomea. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miguu iliyovimba kwa kutembea vijijini. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema alipoingia, nami nikaitika, "Milele na milele, amina." Mwishoni aliniuliza kama nimesali kuhusu wito wangu. Nikamwambia nasali. "Mtu akiitwa husikia, Melania." Nikamwuliza husikiaje. Akanigusa kifuani kwa kidole kimoja. "Humu. Ataitwa jina lake, na atajua ni yeye." Nilimwamini, na bado naamini kwamba yeye alisikia. Nilimwomba anisubiri. Akasema nafasi anaweza kuitunza hadi maharage yavunwe, zaidi ya hapo kuna wasichana wengine. Mwaka ule wote, mchana nikichimba na usiku nikilala, nilikuwa natega sikio nisikie jina langu. Nilichokisikia kila jioni ni "Cha nyumba gani?"

Mvua zilipokuwa zinaelekea kupungua Otmari alifyeka. Mikono ilimtoka malengelenge, yakapasuka, akayafunga kwa majani ya mgomba akaendelea. Alinikataza nisishike nyasi hata moja. Alipopanga mistari alisimama juu ya shamba akiwa ameweka mikono kiunoni, vilevile kama baba, na miraba aliyoipanga ilikuwa mikubwa vilevile kama ya baba. Nami nilichimba, nikafunika, nikapanda, na nilipomaliza nilijiona mwanamke kamili. Wala yeye wala mimi hatukujua kosa letu. Nyasi alizoweza kufyeka mtoto hazikutosha miraba ya mtu mzima, kwa hiyo mistari ilikuwa myembamba. Tuta lenye nyasi chache halina uti wa mgongo. Kila msichana wa mlima ule alilijua hilo kwa mguu wake kabla ya kujua kusuka, lakini mwaka wenzangu walipokuwa wanafundishwa, mimi nilikuwa bwenini nakariri majina ya mito.

Mvua kubwa ya mwisho ilikuja alasiri maharage yakiwa yametoa majani mawili. Nilikuwa napeta mahindi. Nilisikia mlio kama mtu anayemwaga ndoo, kisha ndoo nyingine, kisha nyingine. Tuta la juu kabisa lilipasuka, shimo likamwagikia shimo la chini yake, nalo likajaa na kupasuka, na hivyo hivyo moja baada ya jingine kuteremka, na chini yetu kulikuwa na ngolo za Mama Mkubwa. Nilikimbia nikajitupa kwenye tuta lililokuwa bado limesimama, nikaliziba kwa mgongo. Otmari naye akajilaza pembeni yangu. Tulikuwa tumelala hivyo matopeni kama magogo mawili tulipomwona Mama Mkubwa anapanda, jembe begani, khanga imemganda mwilini, anatukana tangu mbali.

"Nani kakufundisha kulima hivi? Masista?"

"Samahani, Mama Mkubwa."

"Samahani haizibi maji. Ondoka hapo, wewe si jiwe. Otmari, nyasi. Nyasi zozote. Vua hata za paa."

Na Otmari akakimbia akang'oa nyasi za paa la jiko letu. Tulizijaza kwenye pengo, Mama Mkubwa akazikanyaga kwa kisigino, akanishika mguu wangu akauweka juu yake kwa nguvu. "Unasikia ardhi?" Nikasema naisikia. "Basi bado. Ongeza. Mguu usisikie ardhi, usikie godoro." Tulifanya kazi hadi mvua ikakatika, na baada ya hapo siku kadhaa tulirudia mistari yote iliyopasuka, mraba mmoja tukiugawa kuwa miwili. Tulipoteza sehemu ya juu ya shamba. Yeye alipoteza matuta machache na hakuyataja tena. Kuhusu mumewe alisema tu, "Kosmas asipite huku kwanza." Jioni ya mvua ile, tukiwa nyuma ya ukuta wa mianzi, nikamsikia akimwambia mumewe upande wa pili kwa sauti ya uchovu kwamba njia ya kwa marehemu Yohana ina siafu wengi, azungukie kisimani. Baba Mkubwa akauliza siafu gani baada ya mvua yote ile. "Wa kuogelea," akajibu Mama Mkubwa. Wanaume walicheka. Baba Mkubwa akazungukia kisimani muda wote uliobaki. Otmari tangu siku ile akawa anakanyaga nyasi zake kabla hajaniruhusu kuzifunika, na alitandaza ngolo mpaka uzeeni, na hakuna mtu wa mlima ule aliyemshinda kwa unene wa mistari.

Maharage yalipotoa maua nilikwenda kumfuata Gauda. Wanawake wa kwetu waliteremka wakati ule wakibeba mahindi na maharage makavu kubadilishana na samaki, nikafuatana nao. Mama Mkubwa alisema atapika yeye, lakini jikoni kwetu na kwa moto wetu, Otmari abebe, ili jibu la "cha nyumba gani" libaki kuwa la kweli. Tulilala Kingerikiti kwa watu waliotupa ugali wa moto na nafasi karibu na moto, na kesho yake joto likaanza kupanda kutoka chini kulikokuwa na ziwa, na nilipoliona nilidhani ni mbingu imeanguka upande ule. Kwa Shangazi, Lundo, palikuwa na chanja za usipa mbele ya kila nyumba, samaki wadogo kama vidole vya mtoto, wakinuka na kung'aa. Gauda alikuwa ndani ya maji na binamu zake. Alitoka akinidondoshea maji, amenenepa kama alivyoahidi Baba Mkubwa, anaongea Kinyasa kwa haraka kiasi kwamba nilimwomba arudie. Shangazi alitupikia samaki mzima mwenye mafuta, na ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika. Sikuwa nimewahi kushiba namna ile tangu bweni.

"Nimekuja kukuchukua," nikamwambia Gauda.

"Kule tutakula nini?"

"Maharage."

"Na nini?"

"Na maharage," nikasema, na Shangazi akacheka hadi akashika ubavu.

Gauda alimtafuna samaki wake akifikiri. "Nitabaki," akasema. Shangazi akaacha kucheka, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. Akasema, "Usimlazimishe, Melania. Huyu si mzigo wa maharage." Nami sikumlazimisha. Asubuhi alinisindikiza hadi mwisho wa nyumba, na pale ndipo alipouliza kana kwamba ni jambo dogo, "Bakuli anapeleka nani?"

"Mimi."

"Wewe mkubwa. Unapiga magoti?"

"Napiga."

"Utalimwaga," akasema, akakunja uso, akarudi majini.

Safari ya kupanda niliifanya nikiwa nyuma ya wenzangu. Kama kuna siku katika maisha yangu nilijiuliza swali la Neema, ni siku ile, kwenye mteremko ule, na ndoo ya usipa kichwani. Nilikuwa nimejiambia kwamba nakesha na jembe kwa ajili ya wadogo zangu, na mmoja wao alikuwa na furaha zaidi bila mimi. Otmari naye asingekufa njaa kwa Baba Mkubwa. Sista alikuwa ananisubiri na kitanda chenye shuka. Niliyapima yote hayo kwa utulivu, na kila nilipoyapima, misheni ilishinda. Nilifika juu jua likiwa limeinama, nikaona paa la jiko letu lenye upara pale Otmari alipong'oa nyasi, na moshi ukitokea kwenye upara huo. Otmari alikuwa anaokota mawe kwenye ngolo. Hakuuliza Gauda yuko wapi, aliona. Aliuliza, "Umeonja samaki?" Nikamwambia nimeonja. Nikatua ndoo, nikaingia jikoni, Mama Mkubwa akanyanyuka akanipisha kwenye kigoda. Ilikuwa jioni, nikapika. Kama kuna kitu nilichoamua, niliamua wakati ule wa kukaa kwenye kigoda, na sikukijua. Nilijua tu kwamba moto huu nataka uwepo, awepo mtu wa kuurudia au asiwepo.

Tulivuna. Hayakuwa maharage mengi, lakini yalijaza kona ya ghala, na yalikuwa yetu. Baba Mkubwa alikuja kuziona ngolo kwa mara ya kwanza tangu mvua. Alitembea juu ya matuta polepole, akasimama pale palipokuwa pamepasuka, akapakanyaga kwa kisigino. "Naona siafu wamehama," akasema, akaondoka. Sikujua kama amekubali au amekataa, na Sista alikuwa ametuma neno kwamba Jumapili atakuja kuchukua jibu langu.

Siku chache kabla ya Jumapili ile Shangazi Ostina akatokea kwenye mgomba wa mwisho, jasho linamtiririka, na mbele yake Gauda na furushi kichwani. "Mchukueni huyu," Shangazi akasema kabla hata hajaamkiwa. "Amenichosha. Kila jioni anataka kupeleka bakuli. Nampeleka wapi mimi? Pale kwangu akina baba wanakula kila mtu kwake. Juzijuzi kampelekea jirani, jirani kadhani namwomba radhi." Gauda alikuwa ametua furushi na kulifungua. Ilikuwa chumvi, aliyoibeba mwenyewe kutoka ziwani, na hakuruhusu mtu ailambe kabla ya maharage.

Jioni ile nilipika maharage mapya. Nilitia chumvi, nikatoka kuchukua kuni. Niliporudi Gauda alikuwa amekaa karibu na chungu akiwa na uso mzito wa mtu mwenye madaraka. Otmari alipita, akafunua, akafunika. Sikuwaza lolote. Nikapakua, Gauda akanyoosha shingo nikamtwika bakuli, akashika njia, na mimi nikafuata kwa mbali, maana hakutaka nimkaribie. Nilipoingia nyuma ya ukuta wa mianzi alikuwa tayari amepiga magoti upande wa pili.

"Cha nyumba gani?" Babu aliuliza.

"Cha nyumba ya Yohana," akasema Gauda, kwa sauti iliyotosha hata sikio bovu la Babu.

Nikasikia bakuli likiwekwa. Nikasikia mtu akitafuna, kisha akaacha kutafuna. Kisha Baba Mkubwa Kosmas akakohoa kikohozi kirefu. "Nyumba ya Yohana," akasema, "mna nini na sisi? Mmetupakulia ziwa zima?" Babu akaagiza maji. Mwanamume mwingine akasema wamevuna msimu mmoja tu na tayari wanaturingia kwa chumvi, na mwingine akasema afadhali zile siku walizotupikia majivu. Walicheka kwa muda mrefu, na katikati ya kicheko nikamsikia Otmari, aliyekuwa amekaa pale na wanaume, akianza kueleza kwamba yeye alitia kidogo tu. Gauda akasema na yeye alitia kidogo. Ndipo nilipojua tulikuwa tumetia wote watatu.

Mama Mkubwa alikuwa ananitazama, na Shangazi naye, wakisubiri. Jumapili ilikuwa bado, lakini jibu la kumpa Sista nilikuwa nalo tayari. Nilifyonza meno, nikasema kwa sauti ya kufika upande wa pili kwamba kesho sipiki. Kesho yake nilipika.